Jinsi ya Kupanda Bluberi Bustanini: Udongo Kwanza, Mche Baadaye

Wanaoanza kupanda bluberi huuliza maswali yale yale. Mbona majani yamegeuka manjano? Mbona mche una miaka mitatu na haujaongezeka hata kidogo? Niutie samadi kiasi gani? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi sana, na karibu kila mara mazungumzo huishia kwenye udongo. Kwa hiyo nimeyaandika hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi, kuanzia siku ya kupima udongo hadi siku ya kuchuma.

Kama umeshanunua mche, uache kwenye chungu chake, umwagilie, na usiupande leo. Unaweza kukaa hivyo miezi kadhaa bila kudhurika. Ukiuharakisha kwenye udongo usioufaa, utaanza kudhoofika, na wewe hutagundua mpaka msimu ujao.

Bluberi ninayoizungumzia ni kichaka cha matunda madogo ya buluu, kinachopukutisha majani kila mwaka na kustahimili baridi kali. Kikikomaa hufika urefu wa mita 1.5 hadi 2.5. Majani yake huwa mekundu kabla ya kudondoka, matawi hubaki matupu msimu wa baridi, kisha maua meupe yenye umbo la kengele hutokea mapema katika majira ya machipuko. Kikitunzwa huzaa kwa miongo kadhaa. Ndiyo maana sioni ubaya kutumia miezi sita kuandaa udongo wake.

Asili yake ni mashariki mwa Amerika Kaskazini. Kwa muda mrefu watu walishindwa kukihamishia bustanini: walikichimba porini, wakakipanda kwenye ardhi nzuri yenye rutuba, kikafa. Mwaka 1910 Frederick Coville, mtaalamu wa mimea katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kichaka hiki kinahitaji udongo mchachu. Elizabeth White, ambaye familia yake ililima kranberi (tunda dogo jekundu) huko New Jersey, Marekani, alisoma kazi hiyo, na mwaka 1911 wakaanza kushirikiana. Mavuno yao ya kwanza ya kuuza yalitoka mwaka 1916. Hadi leo, kosa lililowashinda waliotangulia ndilo linaloua miche mingi bustanini: mtu anakipa kile ambacho nyanya au mahindi yangekifurahia.

Chagua aina inayolingana na baridi yako

Bluberi huhitaji kulala. Kila aina inataka idadi fulani ya saa za baridi, kati ya nyuzi 0 na 7 hivi za Selsiasi, ndipo iamke vizuri na kutoa maua. Aina ndefu za kaskazini, kama Bluecrop, Duke na Patriot, zinataka saa 800 hadi 1,000 au zaidi, na zikilala huvumilia baridi ya chini ya nyuzi 20 hasi. Kwenye baridi kali zaidi na theluji nyingi kuna aina fupi zilizochanganywa na bluberi ya porini, kama Northblue, Northsky na Polaris. Hizo hazivuki mita moja na kidogo, na theluji huzifunika kama blanketi.

Kama msimu wako wa baridi ni mfupi au hafifu, usichukue aina za kaskazini. Zitaota majani kwa kusuasua na maua yatakuwa machache. Tafuta aina za kusini, kama Misty, Jewel au Emerald, ambazo hutosheka na saa chache zaidi. Muulize muuza miche jina la aina. Akishindwa kulitaja, nenda kwa mwingine.

Nunua aina mbili tofauti zinazochanua wakati mmoja. Aina ndefu za kaskazini huweza kujichavusha zenyewe, lakini chavua ikitoka kwenye aina nyingine matunda huwa makubwa na huiva mapema kidogo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Miche yenye umri wa miaka miwili au mitatu, iliyo kwenye chungu.
- Kifaa cha kupimia pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkubwa. Afadhali zaidi, majibu ya maabara.
- Salfa ya unga au ya chenga, ile ya manjano.
- Pitimosi, yaani mboji nyepesi ya kahawia inayochimbwa kwenye vinamasi vya nchi za baridi. Magome ya msonobari yaliyosagwa na kuoza pia yanafaa.
- Vumbi la mbao, maranda au majani ya msonobari kwa ajili ya matandazo.
- Mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia.
- Pipa la kukingia maji ya mvua.
- Wavu wa kuzuia ndege na mkasi mkali wa kupogolea.
- Glavu na kitambaa cha kufunika pua wakati wa kushika salfa.

Samadi, majivu na chokaa havimo kwenye orodha hii, na visiwepo karibu na shimo lako.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta mahali. Bluberi inataka jua la saa sita au zaidi kwa siku. Kivulini itaishi, ila matunda yatakuwa machache na yasiyo matamu. Epuka mahali maji yanapotuama baada ya mvua, na epuka kando ya ukuta uliojengwa kwa saruji au njia ya zege, kwa sababu chokaa huchuruzika kutoka humo na kuingia udongoni miaka nenda miaka rudi. Usipande pia chini ya mti mkubwa. Mizizi ya mti itakunywa maji yote.

2. Pima udongo. Unatafuta pH kati ya 4.5 na 5.5. Ni uchachu ule ule ambao mchai unaupenda, kwa hiyo kama chai, azalea au haidrenjia yenye maua ya buluu inastawi mahali hapo, una dalili nzuri. Chota udongo sehemu tano au sita tofauti, kina cha sentimita 15 hadi 20, uuchanganye, kisha upime. Vile vijiti viwili vya chuma vinavyochomekwa ardhini bila betri mara nyingi hudanganya, nami sivitegemei.

Ukitaka dalili ya haraka wakati unasubiri maabara, weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kikombe na umwagie siki. Ukitoa povu, una chokaa nyingi. Hapo usipoteze nguvu kuubadilisha: panda kwenye chungu au kwenye tuta lililoinuliwa lenye udongo ulioletwa. Udongo wenye chokaa hurudi kwenye hali yake hata uutie salfa mara ngapi.

3. Chachusha udongo miezi sita hadi mwaka mmoja kabla ya kupanda. Wengi huiruka hatua hii. Salfa yenyewe haina uchachu. Bakteria wa udongoni ndio wanaoigeuza kuwa tindikali, na wanafanya kazi hiyo udongo ukiwa na joto na unyevu. Ukiimwaga leo na kupanda kesho, mche unakutana na udongo ule ule wa jana.

Kuteremsha pH kutoka 6 hadi 4.5 kunahitaji takriban gramu 60 za salfa kwa kila mita moja ya mraba kwenye udongo wa kichanga, na takriban gramu 170 kwenye udongo wa tifutifu. Mfinyanzi hutaka zaidi. Kiasi kikubwa ukigawe mara mbili, miezi mitatu hivi kati ya mwago mmoja na mwingine. Tandaza kwenye eneo lenye upana wa mita moja au zaidi kuzunguka mahali pa kila mche, uchanganye na udongo hadi kina cha sentimita 15 au 20, umwagilie, kisha upime tena kabla ya kupanda.

Vumbi la salfa huwasha macho na mapafu, kwa hiyo fanya kazi hii siku isiyo na upepo.

Utashauriwa mambo mawili mengine. La kwanza ni machicha ya kahawa. Yakishapikwa, sehemu kubwa ya uchachu wake huondoka na maji, na hayateremshi pH kwa kiasi cha kuaminika. Kama matandazo kidogo hayana neno. La pili ni salfeti ya aluminiamu, ambayo hufanya kazi haraka, lakini unahitaji nyingi mara sita hivi kuliko salfa, na aluminiamu ikizidi hudhuru mizizi. Mimi siitumii.

4. Andaa shimo pana, si refu. Mizizi ya bluberi ni myembamba kama nyuzi, haina zile nywele za mizizi ambazo mimea mingine inazo, na sehemu kubwa yake hukaa ndani ya sentimita 30 za juu. Chimba upana wa sentimita 60 hadi 90 na kina cha 30 hadi 40. Changanya udongo uliotoa na pitimosi au magome yaliyooza, nusu kwa nusu.

Pitimosi kavu hukataa maji. Iloweke kwenye ndoo au toroli siku moja kabla, uikande kwa mikono mpaka ilowe hadi ndani. Ukiizika ikiwa kavu, utamwagilia kila siku na maji yatapita pembeni huku mizizi ikikauka katikati.

Kwenye mfinyanzi mzito usichimbe shimo kabisa, maana litageuka beseni la kutuamisha maji. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30 na upande juu yake.

5. Fungua mizizi. Niseme kilichonipata. Vichaka vyangu vitatu vya kwanza nilivitoa kwenye vyungu na kuvishusha shimoni vilivyo, na kwa kuvihurumia nikavichanganyia samadi iliyooza vizuri. Mwaka wa kwanza vikasimama tu. Wa pili majani yakawa manjano. Nilipovichimba, mizizi ilikuwa bado na umbo la chungu, imejizungusha kama mkeka uliokunjwa, na hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umetoka nje.

Kwa hiyo chovya donge lote la mizizi kwenye ndoo ya maji mpaka mapovu yakome. Kisha lipasue chini kwa vidole au kisu, uitawanye mizizi kuelekea nje. Kama imesongamana sana, kata mistari mitatu au minne ubavuni yenye kina cha sentimita moja au mbili. Utaona kama unautesa mche, lakini ndiyo njia ya kuufanya uingie kwenye udongo mpya.

6. Panda. Wakati mzuri ni mche ukiwa umelala bila majani, au mwanzoni kabisa mwa machipuko. Uweke kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye chungu, au sentimita moja hivi juu yake, kamwe usiwe chini. Kati ya mche na mche acha mita 1.2 hadi 1.5, na kati ya safu na safu mita 2.5 hadi 3. Bonyeza udongo kwa viganja, usikanyage kwa miguu. Mwagilia taratibu. Usitie mbolea yoyote shimoni.

7. Tandaza. Weka vumbi la mbao, maranda au majani ya msonobari kwa unene wa sentimita 8 hadi 10, kwenye duara lenye upana wa mita moja. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina ili lisioze. Matandazo ndiyo yanayolinda mizizi ile iliyo juu juu isiungue na jua wala kukauka, na yanakuondolea palizi. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu jembe hukata mizizi ya bluberi. Magugu yanayopenya yang'oe kwa mkono. Kila mwaka ongeza sentimita mbili au tatu juu ya yaliyokwisha oza.

Vumbi la mbao likiwa bichi hula naitrojeni linapooza, kwa hiyo utalazimika kuongeza mbolea kidogo mwaka huo.

8. Kwanyua maua ya mwaka wa kwanza. Yote. Najua inauma, maana ndiyo uliyokuwa ukiyasubiri. Mche unaozaa mwaka wa kwanza hutumia akiba yake kwenye matunda kumi na kuacha mizizi bila kitu. Mwaka wa pili acha machache tu, kama mche una nguvu. Utaanza kuchuma kwa kweli mwaka wa tatu, na kichaka kitafikia uwezo wake wote kati ya mwaka wa sita na wa nane. Hapo kilo 2 hadi 5 kwa kichaka kimoja si jambo la ajabu.

9. Mwagilia bila kusahau, bila kufurika. Kwa wiki kichaka kinataka maji ya kina cha milimita 25 hadi 50, mvua ikihesabiwa humo. Ingiza kidole chini ya matandazo: udongo uwe kama sifongo iliyokamuliwa, usiwe matope wala vumbi. Wiki za hatari zaidi ni zile matunda yanapojaa, na zile zinazofuata mavuno, kwa sababu wakati huo ndipo kichaka hutengeneza matumba ya maua ya mwaka ujao. Wengi huchuma, wakafurahi, wakakisahau, kisha mwakani wanashangaa maua yako wapi.

Chunguza birika lako la kuchemshia maji. Likiwa na ukoko mweupe ndani, maji yako yana chokaa, na kila unapomwagilia unarudisha nyuma kazi ya salfa. Tumia maji ya mvua kadiri uwezavyo, na pima pH ya udongo kila mwaka.

10. Lisha kwa mkono mwepesi. Subiri wiki nne hadi sita baada ya kupanda, majani yawe yamefunguka. Bluberi hupendelea naitrojeni iliyo katika hali ya amonia, ndiyo maana ninatumia SA, ambayo pia husaidia kuudumisha uchachu. Mwaka wa kwanza gramu 30 kwa mche kwa mwaka mzima, ukizigawa mara mbili. Kila mwaka ongeza gramu 30, mpaka ufike kama 230 kwenye mwaka wa nane, na ubaki hapo. Itawanye kwenye duara, sentimita 15 hadi 30 kutoka kwenye shina, kisha mwagilia.

Usitumie mbolea ya CAN: nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, na ina chokaa ndani. Mbolea zenye kloridi, kama myurieti ya potashi, nazo ziepuke. Acha kulisha kufikia katikati ya majira ya joto. Ukichelewa, kichaka hutoa machipukizi mabichi ambayo baridi itayakuta hayajakomaa.

11. Pogoa kikiwa kimelala. Miaka mitatu ya kwanza kata tu kilichokufa, kilichovunjika, na vijitawi dhaifu vinavyotambaa chini. Kuanzia mwaka wa nne kazi inabadilika. Bluberi huzaa kwenye matawi yaliyoota mwaka uliotangulia, na mashina makubwa yakizeeka hutoa matawi mafupi yenye matunda madogo. Shina la zaidi ya miaka sita hulijua kwa unene na gome la kijivu lenye magamba. Kila mwaka toa mashina mawili hivi ya namna hiyo, ukiyakata karibu kabisa na ardhi, ili mapya yachipue. Kichaka kilichokomaa kiwe na mashina 10 hadi 15 ya umri mchanganyiko, na katikati yake mwanga upite.

Kabla hujakata ncha za matawi, ziangalie kwa karibu. Matumba manene ya mviringo yaliyo kwenye ncha ni maua. Yale membamba, yaliyochongoka, yaliyo chini yake ni majani. Anayenyoa kichaka chote kwa juu kama ua wa miti anakata mavuno ya mwaka huo.

12. Funika na uchume. Ndege wanajua siku ya kuiva kabla yako. Weka wavu wenye matundu yasiyozidi sentimita 2 matunda yanapoanza kubadili rangi, juu ya fremu ili usilale kwenye matawi, na uufunge hadi chini bila mianya ambamo ndege watanasa. Wakati wa maua usiwepo wavu wowote. Nyuki ndio wanaochavusha, hasa wale wanene wenye manyoya ambao hulitikisa ua kwa mtetemo wa misuli yao ya kurukia mpaka chavua ikadondoka.

Tunda likigeuka buluu bado halijawa tayari. Angalia pale linaposhikana na kikonyo: pakiwa na duara la wekundu, liache. Subiri siku nne hadi saba baada ya buluu kuenea, kwa sababu likishachumwa haliongezi utamu tena. Lililoiva hubingirika lenyewe ukilisukuma kwa kidole gumba. Pitia kichaka kila baada ya siku tatu au nne, kwani matunda ya kishada kimoja hayaivi pamoja. Usiyaoshe mpaka wakati wa kula. Ule utandu mweupe kwenye ngozi ndio unaoyahifadhi, na yakikaa makavu kwenye friji hudumu wiki moja hadi mbili.

Kama unapanda kwenye chungu

Kwa udongo wenye chokaa hii ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita. Anza na chungu cha lita 20 hivi, na baada ya miaka miwili au mitatu uhamishie kwenye cha lita 40 hadi 60 chenye matundu mengi. Mchanganyiko wangu ni pitimosi sehemu mbili, magome ya msonobari yaliyooza sehemu moja, bila udongo wa bustani. Chungu hukauka haraka, kwa hiyo kwenye joto utamwagilia kila siku. Kwenye baridi kali mizizi haina ardhi ya kuikinga kama iliyo bustanini: zungushia chungu magunia au majani makavu, au kizike hadi shingoni. Usikiingize ndani ya nyumba yenye joto, maana kitakosa usingizi wake.

Matatizo yanayojitokeza mara nyingi

*Majani machanga ni manjano lakini mishipa imebaki kijani.* Pima pH kabla ya kununua chochote. Mara nyingi madini ya chuma yamo udongoni, ila uchachu umepungua na mizizi haiwezi kuyachukua. Dawa ya chuma ya kunyunyizia majani itakupa rangi kwa wiki chache, lakini tiba ni salfa juu ya udongo na kubadili maji.

*Majani yote yamepauka, hasa ya zamani, na matawi ni mafupi.* Hapo naitrojeni imepungua. Ongeza SA kidogo.

*Kingo za majani zimeungua na kuwa kahawia.* Mbolea imezidi au maji yamepungua. Mwagilia kwa wingi mara moja ili chumvi zishuke, kisha acha mbolea msimu huo.

*Kichaka kinanyauka ingawa udongo umelowa.* Chimba kidogo uone mizizi. Ikiwa nyeusi na ngozi yake inabanduka kwa kuguswa, imeoza kwa kutuama kwa maji. Kilichoharibika sana hakirudi. Usipande kingine hapo kabla ya kuinua tuta.

*Majani yamekuwa mekundu katikati ya msimu.* Kama ni machipuko na kuna ubaridi, subiri, mara nyingi hupita. Kama ni majira ya joto, kagua mizizi na maji.

*Maua mengi, matunda machache.* Nyuki hawakufika, au baridi ya usiku iliunguza maua, au una aina moja tu. Usipige dawa ya wadudu kichaka kikiwa na maua, hata ile unayoambiwa ni nyepesi.

*Matunda yananyauka na kuwa magumu kabla ya kuiva.* Ni ukungu unaolala kwenye matunda makavu yaliyodondoka. Yaokote yote, yazike au yachome, na kabla ya machipuko ongeza sentimita 5 za matandazo mapya kuyafunika yaliyobaki.

*Matunda yaliyoiva yanalegea, na ndani mna funza wadogo weupe.* Kuna inzi mdogo aitwaye Drosophila suzukii ambaye hutaga kwenye matunda mazima. Chuma mara kwa mara bila kuacha yaliyoiva sana, okota ya chini, na yatie kwenye ubaridi mara moja.

*Kichaka nilikipanda vibaya miaka miwili iliyopita. Nikitupe?* Usikitupe. Subiri kilale, majani yote yakiwa yameanguka. Chimba kwa upana, kina kifupi, ukiinue na mizizi yake, utikise udongo wa zamani utoke. Andaa kitanda kipya kwa hatua ya 3 na ya 4, na wakati salfa inafanya kazi kihifadhi kwenye chungu chenye pitimosi na magome. Punguza matawi yapata theluthi moja, ukwanyue maua yote ya machipuko yanayofuata. Hivyo ndivyo nilivyofanya na vile vitatu vyangu. Kimoja kilikuwa kimeshakufa. Viwili vilikaa kwenye vyungu mwaka mzima, vikarudi ardhini machipuko yaliyofuata, na ilichukua misimu mingine miwili kabla sijaona mashina mapya yakitoka chini.